Uzi kuhusu uzi: wanakijiji wa Okaya walivyokijenga upya kiwanda cha serikali ya Japani kwa mbao, udongo na maji ya mto

#1 MsokotaNyuzi

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita tulibishana kazini wakati wa chai. Jamaa mmoja akashikilia kwamba Japani iliendelea kwa sababu Mfalme Meiji aliagiza mashine Ulaya, serikali ikafungua viwanda, wananchi wakaitwa kufanya kazi, basi. Nikaanza kumjibu, kengele ikalia. Namalizia hapa. Ni ndefu, vuteni viti.

Tuanze na kiwanda ambacho watu wa mtazamo wake hawaachi kukitaja: Tomioka, mkoa wa Gunma, 1872. Kiwanda cha serikali cha kuzongoa hariri. Jengo la matofali lenye urefu wa mita 140 hivi, mabeseni 300, boila na mashine kutoka Ufaransa, na Mfaransa Paul Brunat akisimamia. Matofali yenyewe hayakuwepo nchini, ikabidi wafinyanzi wa vigae wafundishwe kuyachoma. Kwa sura kilikuwa kitu cha ajabu. Kwa hesabu kilikuwa mzigo, maana miaka mingi kilikula hasara.

Kwa wasioijua kazi: kifukofuko cha kiwavi wa hariri ni uzi mmoja uliojizungusha, mamia ya mita. Unakitia kwenye beseni la maji ya moto ili gundi ilainike, unaitafuta ncha, unaunganisha nyuzi za vifukofuko vinne au vitano ziwe uzi mmoja, halafu gurudumu linauvuta. Kazi yote imo kwenye vidole vya anayekaa mbele ya beseni. Akipitiwa na usingizi kidogo, kifukofuko kimoja kinaisha bila kuunganishwa kingine, uzi unakuwa mwembamba hapo, na mfumaji wa ng'ambo akiona anautupa.

Tomioka ilipotangaza inataka wasichana, hawakupatikana. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba Wafaransa wanakunywa damu ya wanawali. (Walikuwa wanakunywa mvinyo mwekundu.) Mkuu wa kiwanda, Odaka Atsutada, akaona njia ni moja tu: akamwandikisha binti yake mwenyewe, Yu, awe wa kwanza. Ndipo wengine wakafuata, wengi wao mabinti wa masamurai waliopoteza posho zao.

Mmoja wao aliitwa Yokota Ei, baadaye Wada Ei, kutoka Matsushiro mkoani Nagano. Alifika 1873 akiwa na miaka kumi na kitu, akajifunza, na mwaka uliofuata akarudi kwao kufundisha kwenye kiwanda kidogo cha watu binafsi kilichoitwa Rokkosha, mabeseni 50. Uzeeni aliandika kumbukumbu zake, na ndizo zinazotupa picha ya ndani. Pale Rokkosha mashine zilitengenezwa na mafundi wa hapo hapo waliokuwa wanakisia tu. Mabinti waliotoka Tomioka, kwenye shaba na chuma vinavyong'aa, walipigwa na butwaa. Lakini uzi ulitoka, na bandarini Yokohama ukauzika.

Sasa twendeni Okaya, ambako ndiko moyo wangu ulipo.

Okaya iko kando ya ziwa Suwa, mkoa huo huo wa Nagano, zaidi ya mita 750 juu ya usawa wa bahari. Baridi kali, ardhi finyu, mpunga wa shida. Zaidi ya viwavi na mforosadi, mti ambao majani yake ndiyo chakula cha viwavi, walichokuwa nacho ni maji: mto Tenryu unatokea hapo kwenye ziwa na kuanza safari yake kuelekea Pasifiki. 1875 mtu wa hapo, Takei Daijiro, na wenzake walianzisha kikundi kilichoitwa Nakayama-sha. Walikuwa wameshaona aina mbili za mashine. Ya Kifaransa kwa habari za Tomioka, na ya Kiitaliano kwa sababu nyumba kubwa ya biashara ya Ono ilikuwa imejenga kiwanda hapo Suwa 1872, kabla haijafilisika 1874.

Wakafanya kitu ambacho fundi yeyote wa gereji atakielewa. Walichukua cha huku na cha kule, na kilichowashinda bei wakakitupa. Fremu ya chuma ikawa ya mbao. Beseni la shaba likawa la udongo wa kuchoma. Injini ya mvuke wakaiacha, gurudumu la maji likawekwa mtoni lizungushe kila kitu. Boila ikabaki ndogo, ya kuchemshia mabeseni tu, kuni zikachochewa.

Hata namna ya kuusokota uzi waliichagua kwa akili. Uzi ukitoka kwenye beseni lazima ujisokote kidogo ili maji yakamuke na uwe wa mviringo. Kifaransa, nyuzi mbili zinasokotana zenyewe kwa zenyewe, halafu zinaachana. Uzi mmoja ukikatika na mwenzake anasimama. Kiitaliano, kila uzi unajisokota peke yake kupitia vigurudumu vidogo. Okaya wakachukua ya Kiitaliano, kwa hiyo binti mmoja anahudumia nyuzi zake bila moja kuiponza nyingine.

Gharama ya beseni moja la Okaya ilikuwa sehemu ndogo sana ya beseni la Tomioka. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Tomioka hakuna mkulima angeweza kuijenga hata akiuza ukoo mzima. Ya Okaya, ndugu watatu wenye shamba na mkopo wanaijenga kabla msimu haujaisha. Na ndivyo ilivyokuwa: Katakura Ichisuke alianza 1873 na mabeseni kumi uani kwake, ya kuzungusha kwa mkono. 1878 mwanawe Kentaro akafungua cha gurudumu la maji, mabeseni 32.

Tatizo likabaki moja. Viwanda vidogo vingi maana yake nyuzi za kila namna. Wafumaji wa Marekani, kule Paterson, New Jersey, walikuwa na mashine za kasi, walitaka mzigo mkubwa wa uzi unaofanana. Wana-Okaya wakaunda umoja, Kaimeisha, 1879. Kila mtu anazongoa kwake, halafu nyuzi zote zinapelekwa sehemu moja kuzongwa upya kwenye magurudumu makubwa, zinakaguliwa, zinapangwa kwa daraja, zinafungwa kwa nembo moja na kwenda Yokohama kama mzigo mmoja. Kule kuzonga upya Japani ilikuwa lazima hata hivyo, maana unyevu wa hewa hufanya gundi ishikamanishe uzi kwenye gurudumu la kwanza. Wao wakaigeuza shida hiyo kuwa kituo cha kukagua ubora.

Kufika 1909 hivi Japani ilikuwa imeipita China kwa kuuza hariri ghafi nje, na Nagano ndio ulikuwa mkoa unaoongoza. Ile Tomioka serikali iliiuza kwa kampuni ya Mitsui 1893, ikapita mikono mingine, na 1939 ikaishia kwa nani? Katakura. Wale wa mabeseni kumi uani.

Hilo ndilo jibu langu kwa jamaa wa chai. Karibuni.

---

#2 NgojaWaje

Nimekaa mkao wa kula. Wajuzi shusheni nondo. (Nondo wa hariri pia ruksa.)

---

#3 KipangaWaIlala

Mkuu MsokotaNyuzi, umeandika vizuri ila umetuchezea karata moja chini ya meza.

Huyo Ei alifundishwa wapi? Tomioka. Nani alilipa? Serikali. Mamia ya mabinti walipita pale wakarudi mikoani kufundisha. Sasa unahesabuje hasara ya kiwanda ambacho kazi yake ilikuwa kuwa shule? Shule ya msingi ya kwetu nayo inakula hasara kila mwaka, tuifunge?

Pili, mzigo ulifikaje Yokohama? Nani aliweka nyaya za telegrafu za kuuliza bei? Nani aliunda Benki ya Yokohama ya kubadilisha fedha mwaka 1880 na Benki Kuu mwaka 1882? Nani aliandaa maonyesho ya viwanda pale Ueno, Tokyo, 1877, ambako mkulima wa mkoani aliona mashine ya mwenzake kwa mara ya kwanza? Wanakijiji wa Okaya walikuwa hodari, sikatai. Lakini hodari wapo kila kijiji duniani. Tofauti ni kile kilichowazunguka.

Usije ukatuambia tena kwamba serikali ikae pembeni.

---

#4 MsokotaNyuzi

Kipanga, nimekubali hoja ya shule. Kweli nimeionea Tomioka. Kiwanda kibaya, chuo kizuri. Naondoa neno "mzigo".

Ila sikusema serikali ikae pembeni. Nilichosema ni kwamba ilileta kitu kisichoendana na mifuko ya watu, na watu wakakishona upya. Na ndani ya serikali yenyewe yupo aliyeliona hilo mapema: Maeda Masana, ofisa wa wizara ya kilimo na biashara. 1884 alitoa ripoti ya vitabu thelathini akisema, kwa kifupi, acheni kwanza viwanda vikubwa vya kuiga, pelekeni mikopo kwenye kazi ambazo vijiji tayari vinazijua: hariri, chai, pombe ya mchele, karatasi, vyombo vya udongo. Alishindwa ndani ya serikali. Fedha zikaenda njia ya waziri wa fedha, Matsukata, ya kubana matumizi. Baadaye Maeda akaacha ofisi, akavaa viatu vya nyasi na kuzunguka nchi kijiji kwa kijiji akihimiza watu waunde vyama vya kazi zao. Huyo mtu angepewa uzi wake peke yake.

Nikuongezee na karata ambayo wewe hukuicheza, ingawa inakusaidia nusu. Mikataba ambayo mataifa ya Magharibi yaliilazimisha Japani ilikuwa ya dhuluma. Ushuru wa bidhaa za kutoka nje ulifungwa karibu asilimia 5, kwa hiyo serikali haikuweza kulinda kiwanda chochote kwa kodi. Lakini mikataba hiyo hiyo iliwafungia wafanyabiashara wa kigeni kwenye bandari zilizotajwa, na hawakuruhusiwa kwenda kununua bara mpaka 1899. Mwingereza alikaa Yokohama akasubiri mzigo aletewe. Safari yote kutoka mforosadi mpaka gatini ilikuwa mikononi mwa Wajapani: mchuuzi wa vifukofuko, mwenye kiwanda, mchukuzi wa farasi, dalali wa Yokohama. Faida ya katikati ikabaki bara. Nadhani hilo lilifanya kazi kubwa kuliko matofali yote ya Tomioka.

Na "kilichowazunguka" hakikuanza na Meiji. Kabla ya 1868 vijiji vilikuwa vimeshazoea biashara. Kiryu walifuma hariri na kusokota kwa gurudumu la maji tangu zama za Edo. Noda, familia za Mogi na Takanashi zilitengeneza sosi ya soya na kuishusha kwa mashua mto Edo mpaka jijini. 1917 ziliungana kuwa kampuni ambayo leo dunia inaijua kwa chupa ya Kikkoman. Shibusawa Eiichi, aliye kwenye noti ya yeni 10,000 tangu 2024, alikulia kijijini karibu na Fukaya. Nyumbani kwao walifuga viwavi na kutengeneza nili ya kutia nguo rangi, na yeye kijana anatumwa kuzunguka vijijini kununua majani na kupanga bei. Huyo Odaka wa Tomioka alikuwa binamu na mwalimu wake. Serikali ilipotafuta watu wanaojua hariri, iliwapata kwa wakulima.

---

#5 BintiTanga

Kaka zangu, mmebishana serikali na wanakijiji, posti nne sasa, na aliyekaa mbele ya beseni mmemwacha pale pale na mikono kwenye maji ya moto.

Umesema "kazi yote imo kwenye vidole vyake" halafu ukahamia kwenye gharama ya beseni. Beseni la udongo lilikuwa rahisi, sawa. Yeye alilipwaje? Mama yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo miaka mingi na najua mahesabu ya viwanda rahisi huishia mgongoni kwa nani.

---

#6 MsokotaNyuzi

Dada, umenipiga mahali penyewe.

Mwanzoni walikuwa mabinti wa jirani, wanalala kwao. Viwanda vilipokua majirani hawakutosha, mawakala wakaanza kuvuka milima kutafuta. Wengi walitoka Hida, upande wa Gifu, ng'ambo ya njia ya mlimani ya Nomugi, mita 1,672 juu ya usawa wa bahari. Walikwenda Okaya mwisho wa baridi na kurudi Desemba, kwa miguu, theluji ikiwa imefunga njia. Wapo waliofia pale juu.

Mkataba anatia saini baba. Baba anapokea fedha ya utangulizi, na binti akitoroka kabla ya mwaka kuisha ni deni. Kazi saa kumi na tatu, kumi na nne kwa siku. Chumba kimejaa mvuke na harufu ya buu aliyechemshwa ndani ya kifukofuko, kisha unatoka jasho likiwa mwilini kuingia kwenye baridi ya milimani. Kifua kikuu kiliwamaliza wengi. Daktari Ishihara Osamu aliliweka wazi mwaka 1913 kwa kuonyesha waliokuwa wakirudishwa vijijini wagonjwa na kuwaambukiza nyumba nzima. Sheria ya viwanda ilipitishwa 1911, ikaanza kutumika 1916, tena ikiwa na mianya.

Malipo yenyewe nitayaeleza vizuri maana ni ubunifu, ila wa kuumiza. Hukulipwa kwa ulichofanya tu. Kila siku uzi wako ulipimwa: wingi, ulaini, unene, ulichopoteza kwenye vifukofuko. Ukawekwa kwenye daraja dhidi ya wenzako. Aliye juu ya wastani anaongezewa, aliye chini anakatwa, na kinachoongezwa kwa huyu kimetoka kwa yule. Mwenye kiwanda bajeti yake ya mishahara haitikisiki hata wote wakijitahidi mara mbili. Walikuwepo waliofikisha yeni 100 kwa mwaka, wakaitwa kwa jina hilo hilo, "wa yeni mia", na baba zao wakanunua mashamba. Na walikuwepo waliorudi Desemba na karatasi ya deni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 wenye viwanda vya Suwa wakaunda umoja wa kuandikisha wafanyakazi, ili binti wa kiwanda hiki asichukuliwe na kile. Yaani ule moyo wa ushirika nilioupamba kwenye posti ya kwanza ulifanya kazi upande huu pia.

Lakini hawakukaa kimya, dada. Mgomo wa kwanza wa kiwandani Japani ni wa mabinti wa hariri: Kofu, Juni 1886, kiwanda cha Amamiya, wanawake kama mia moja. Wenye viwanda walikuwa wameongeza saa na kupunguza malipo. Wakatoka kazini wakajifungia hekaluni. Wakashinda sehemu ya madai yao. Na hapo Okaya, 1927, zaidi ya elfu moja wa kampuni ya Yamaichi Hayashi waligoma. Wakafungiwa nje ya mabweni, wakanyimwa chakula, wakashindwa.

Nilipaswa kuanza na hili.

---

#7 BintiTanga

Ahsante. Ulipaswa.

---

#8 MkulimaWaNyeri

Salamu kutoka Nyeri. Mimi ni wa kahawa na chai, nina swali la shamba. Vifukofuko huja msimu mmoja, si ndiyo? Sasa kiwanda kinafanya nini miezi ile mingine? Na pesa za kununua mazao yote kwa mpigo zilitoka wapi? Huku kwetu hapo ndipo mkulima huumizwa: kiwanda hakina pesa siku ya kuvuna, unaambiwa ngoja malipo ya pili.

---

#9 MsokotaNyuzi

Swali la mtu aliyewahi kungoja malipo ya pili, naliona.

Msimu kwanza. Mayai ya nondo wa hariri hutagwa juu ya karatasi, na yanaanguliwa joto likipanda, wakati majani ya mforosadi yanachipua. Mara moja kwa mwaka, masika yao. Wakulima wa Nagano waligundua kwamba milimani kuna mashimo kati ya miamba yanayopuliza hewa baridi hata kiangazi. Wakazihifadhi karatasi za mayai humo, baadhi tangu miaka ya 1860. Yai likikaa kwenye baridi linadhani masika hayajafika. Unalitoa Julai au Agosti, linaanguliwa, unapata mavuno ya kiangazi, na ya vuli pia. Yaani jokofu kabla ya jokofu. Hifadhi ya Arafune huko Gunma, iliyojengwa 1905, ilipokea mayai kutoka karibu nchi nzima kwa njia ya reli na posta. Leo iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na Tomioka, tangu 2014. Faida nyingine ilikuwa shambani: viwavi wa masika hugombania mikono na upandaji wa mpunga, wa vuli hawagombani na mtu.

Ufugaji nao uliboreshwa na wakulima wenyewe. Tajima Yahei wa Shimamura alijenga nyumba yenye matundu juu ya paa ili hewa ipite. Takayama Chogoro wa Fujioka akachanganya kupitisha hewa na kupasha moto kwa kipimo, akafungua shule iliyovuta wanafunzi kutoka mbali. Mtaalamu wa chuo, Toyama Kametaro, alikuja baadaye, 1906, na wazo la kuuzia wakulima mayai ya viwavi chotara wa kizazi cha kwanza. Kipanga, hapo serikali ilifanya kazi safi, nakupa.

Pesa sasa. Kiwanda cha Okaya kilihitaji fedha taslimu kubwa wakati wa mavuno na kingerudisha polepole mwaka mzima. Dalali wa Yokohama alikopesha mapema, kwa sharti kwamba uzi utapitia kwake. Benki za mkoa zikakopesha kwa rehani ya vifukofuko vyenyewe: unavileta vikiwa vimekaushwa, vinafungiwa kwenye ghala la benki, unatoa kidogo kidogo kadiri unavyolipa. Benki ya Kumi na Tisa ya Ueda ndiyo iliyokuwa mashuhuri kwa mchezo huo. Benki za wakati ule zilipewa namba badala ya majina. Baadaye, 1931, Benki ya 19 iliungana na Benki ya 63, na mpya ikaitwa Benki ya 82. Jumlisheni.

Ila usidhani mkulima aliponea. Matsukata alipobana fedha kuanzia 1881, bei ya hariri na mazao ikaanguka, deni likabaki pale pale, na kodi ya ardhi ilikuwa ya fedha taslimu isiyojali mavuno. Wafugaji wa viwavi wa Chichibu, jirani na Gunma, walichoka. Novemba 1884 maelfu walichukua silaha, wakachoma hati za madeni kwa wakopeshaji. Jeshi likatumwa na viongozi wakanyongwa.

---

#10 MzeeWaMakadara

Wanangu, mimi ni wa Mombasa na macho yangu ni ya miwani, lakini hii nimeisoma yote.

Hamjatia kitu kimoja kinachotuhusu. Nguo ya Japani tuliivaa sisi. Babangu alikuwa na duka dogo karibu na Soko la Kale, na alikuwa akisema kabla ya vita vya pili, merikani ya Japani ilimfukuza Mwingereza sokoni. Ilikuwa rahisi, basi. Mwingereza hakuweza kumfungia Mjapani kwa ushuru hapa, kwa kuwa ile mikataba ya bonde la Kongo ilitaka mataifa yote yatozwe sawa. Na kanga nazo zilichapwa Japani, kwa Kiswahili, zikishuka hapa gatini na jina limeandikwa sawasawa. Fikirini mtu wa Osaka anachapa methali asiyoijua maana, na mke wa mtu Mombasa anainunua amtupie mwenzake fumbo.

Sasa huyo mfumaji wa pamba naye alitokea wapi, shamba au mjini?

---

#11 MsokotaNyuzi

Shikamoo mzee. Shamba.

Toyoda Sakichi alizaliwa 1867 kijiji cha Yamaguchi, Shizuoka, mtoto wa seremala. Wanawake wa kijiji chake walifuma pamba kwa mkono majumbani. Akatumia ufundi wa baba kuchezea kitanda cha mfumi, wanakijiji wakamwona amerukwa na akili. 1891 akapata hataza (haki ya kisheria ya mbunifu juu ya ubunifu wake) ya kitanda cha mbao cha mkono, na 1896 akawa ametengeneza cha kuendeshwa kwa injini, mbao kwa sehemu kubwa na chuma pale tu panapolazimu. Bei ndogo, wafumaji wa wilayani wakaweza kununua. Ni ile ile hesabu ya Okaya. 1924 akatoa kitanda cha kujiendesha, na 1929 Platt Brothers wa Uingereza, wakubwa wa mashine za nguo duniani, wakalipa pauni 100,000 kwa haki ya kukitengeneza. Mwanawe Kiichiro akaingia kwenye magari. Mengine mnayaona barabarani kila siku.

---

#12 KipangaWaIlala

Na hapo kwenye hataza ndipo narudi kuchukua pointi yangu.

Kabla ya Toyoda kulikuwa na Gaun Tokimune, mtu wa Nagano hiyo hiyo ya Okaya. Alikuwa mtawa wa Kibudha, hekalu lake likafungwa mwanzoni mwa Meiji. 1873 akatengeneza mashine ya kusokota pamba ambayo wazo lake lilitoka kwenye mchezo wa utotoni: alitia pamba kwenye kipande cha mwanzi, akaivuta huku mwanzi unazunguka, akaona uzi. Mashine ilikuwa na vikopo vingi vya bati vinavyozunguka, ikilia gara-gara, nayo ikaitwa hivyo hivyo, garabo. 1877 pale Ueno ikapata tuzo ya juu. Mtaalamu wa Kijerumani, Gottfried Wagener, akaisifu kuliko vyote vilivyoonyeshwa.

Kilichofuata? Kila mtu akaiiga. Watu wa eneo la Mikawa wakaifunga mpaka kwenye mashua mtoni Yahagi, mkondo unazungusha gurudumu, mashua imetia nanga inasokota pamba. Mali ikapatikana, Gaun hakuona senti. Sheria ya hataza ilikuja 1885. Toyoda aliikuta, Gaun hakuikuta.

Hodari wawili, mkoa mmoja na mwingine. Mmoja alikuwa na sheria nyuma yake.

---

#13 MsokotaNyuzi

Hiyo sina jibu lake, mkuu. Ingawa utaona kwamba bila kuigwa, zile mashua za Yahagi zisingekuwepo, na mkulima wa Mikawa asingesokota chochote. Gaun alilipa gharama ya wilaya nzima. Kwangu hilo linauma kuliko kuthibitisha.

---

#14 NgojaWaje

Swali la mwisho kabla sijalala: Okaya iko wapi leo? Bado wanachemsha mabuu?

---

#15 MsokotaNyuzi

Kidogo sana, na zaidi kwenye makumbusho. Uchumi wa dunia ulipoanguka 1929 Marekani wakaacha kununua soksi za hariri, bei ikashuka kwa zaidi ya nusu, na 1938 nailoni ikatangazwa. Hirano, kijiji kilichoibeba Okaya, kilikuwa kimejaa watu mpaka 1936 kikarukia kuwa jiji bila kupitia hadhi ya mji mdogo. Kikapata cheo wakati kazi yake inakufa.

Lakini viwanda vile vilikuwa vikilisha maelfu ya mabinti, na vilitengeneza miso yao wenyewe, ule uji mzito wa soya iliyochachushwa. Hariri ilipokufa, baadhi ya wenye viwanda walibaki na mapipa na wakageukia miso. Majengo na vidole vilivyozoea kazi ndogo ndogo navyo vikabaki. Vita vilipokuja, viwanda vya saa na lenzi vikakimbilia Suwa. 1942, mjini Suwa, ghala kuukuu la miso likakarabatiwa liwe karakana ya vipuri vya saa. Karakana hiyo ndiyo leo Seiko Epson, watengenezaji wa printa.

---

#16 NgojaWaje

Kwa hiyo printa ya stesheneri ya hapa mtaani kwetu asili yake ni viwavi?

---

#17 BintiTanga

Soya. Soma vizuri.